"Maeneo machache" ndo wapi? Namna ya kuusoma utabiri wa hali ya hewa ukiwa Mbeya, Njombe au Iringa

Kila ikifika Novemba ni yale yale. Jioni utabiri unasomwa, nyanda za juu kusini magharibi mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua, alafu kesho yake hapo hapo Mbeya mtu wa Uyole kaloa mpaka soksi, mtu wa Mbalizi kaanika nguo zake mpaka jioni zimekauka vizuri, na wote wawili wanakwambia watu wa hali ya hewa waongo. Sio waongo bana. Shida ni kwamba ile sentensi moja imeandikwa kwa kanda nzima, Rukwa, Songwe, Mbeya, Njombe na Iringa, na ndani ya kanda hiyo kuna Kyela ambako uko mita kama 500 kutoka usawa wa bahari unavuna kakao na mpunga, na kuna Kitulo uko juu ya mita 2,600 saa nne asubuhi bado umevaa koti. Hakuna sentensi moja itakayowatosha wote hao. Kuishusha mpaka kwenye shamba lako, kijiwe chako au safari yako ni kazi yako wewe, na wala haihitaji shule kubwa.

Tuanze na maneno yenyewe maana watu wengi wanayapita juu juu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanaposema "maeneo machache" wanamaanisha kweli machache, yaani mvua itakuwa ya hapa na pale na sehemu kubwa ya kanda haitaiona. "Baadhi ya maeneo" ni zaidi ya hapo, na wakisema "maeneo mengi" hapo usibishane, beba mwamvuli. Mvua za radi za kwetu mwanzoni mwa msimu ni za wingu moja moja, wingu lina upana wa kilomita chache tu, linaweza kumwaga Mwanjelwa, na jirani zao wa Soweto wakachungulia tu. Kwahiyo ukisikia machache usiulize "kwetu itanyesha au haitanyesha" kana kwamba kuna mtu anajua jibu tangu jana, uliza "ikitokea wingu limeamka upande wangu nimejipangaje".

Kitu kingine ni zile rangi TMA wanazoweka wakitoa onyo la hali mbaya ya hewa. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Na pembeni ya rangi kuna mistari miwili watu hawaisomi, "uwezekano wa kutokea" na "kiwango cha athari". Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, uwezekano unaweza kuwa wa wastani lakini ikitokea athari yake ni kubwa, nyumba kujaa maji, barabara kukatika, na hapo ndo unatakiwa ujiandae hata kama moyoni unaona haitatokea. Wakisema "mvua kubwa" nayo sio neno la mapambo, ni mvua ya zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 maana yake kila mita moja ya mraba ya paa lako imepokea lita 50, sasa piga hesabu bati zako ni mita ngapi uone maji yanayotaka njia ya kutokea pale uani.

Na saa. Jamani saa. Utabiri wa jioni unahesabu saa 24 kuanzia usiku ule, kwahiyo "kesho" yao na kesho yako zinaweza zisifanane, soma pale juu unaanza lini unaisha lini. Kwenye apu za simu ndo kuna mtego zaidi maana nyingine zinaandika kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele saa tatu. Ukiona mvua imewekwa 12 UTC hiyo ni 15:00 ya kwetu, yaani saa tisa alasiri. Nimeona watu wanaahirisha shughuli ya mchana kwa ajili ya mvua ya alasiri, kisha mvua inakuja vilevile ilivyosemwa, shughuli ikiwa imeshafutwa bure.

Sasa tuje kwenye kimo, hapa ndo kwenye utamu. Hewa ikipanda mlima inapoa, kwa wastani nyuzi 6 hadi 6.5 kwa kila mita 1,000. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kwahiyo joto la Mbeya kwenye utabiri ukilipeleka Kitulo toa kama nyuzi 6, ukilipeleka Kyela ongeza kama 7 au 8. Utabiri unataja miji mikubwa tu, haukutajii kijiji chako, ila ukijua kijiji chako kiko mita ngapi (simu yenyewe inakuonyesha ukifungua ramani au dira) unajitengenezea namba yako mwenyewe.

Apu za simu zinakosea hapa kwa sababu inayoeleweka. Mitambo inayotabiri dunia nzima inaikata ardhi vipande vipande vya mraba, kipande kimoja kinaweza kuwa kilomita 9, kingine 13, kingine 25, na kila kipande kinapewa kimo kimoja cha wastani. Sasa chukua Chimala na Matamba. Chimala uko bondeni kwenye joto la Usangu, unapanda ile barabara ya kona inayoitwa Hamsini na Saba, ukifika juu Matamba unatafuta sweta, na kwa mstari mnyoofu hata sio mbali. Kwa apu hao wawili wanaweza kuwa kwenye kipande kimoja, inawapa joto moja na mvua moja, hakuna anayepata ya kwake. Kuna siku tumesimama Isyonje tunanunua viazi, kijana tuliyekuwa naye anamwonyesha mama muuzaji simu, "shikamoo mama, inasema leo huku hakuna mvua kabisa," mama akaitika marahaba, akaangalia ukungu unavyoshuka kutoka upande wa Kitulo, akaanza kufunika magunia yake na turubai huku anasema, "mwanangu, hiyo simu yako inaijua Uyole, huku bado haijapanda." Tumemaliza kupakia tunaloa.

Apu isitupwe lakini, ina kazi yake. Itumie kuona siku tatu nne mbele kama unyevu unaongezeka au unapungua, usiitumie kujua mvua ya saa nane. Na ile "asilimia 60 ya mvua" haimaanishi itanyesha asilimia 60 ya siku, inamaanisha zikija siku kumi zenye hali kama hiyo, sita kati yake zitanyesha na nne hazitanyesha. Ukiangukia kwenye zile nne usitukane.

Baada ya hapo inua macho. Mvua za radi za Novemba na Desemba zina ratiba, sio kama mvua za Machi ambazo zinaweza kuanza usiku zikaendelea mpaka asubuhi. Asubuhi kunakuwa na jua kali, ardhi inapata joto, hewa inapanda na milima inaisaidia kupanda, kufika saa nne saa tano unaona vijiwingu vyeupe vimekaa juu ya Loleza na Mbeya Peak. Hapo ndo pa kuangalia. Vikibaki vidogo na bapa hadi saa saba, siku imepona. Vikianza kurefuka kwenda juu, kingo zake ngumu zimevimba kama koliflawa, hesabu saa moja au mbili. Juu ya wingu pakishaanza kutanda na kuchanuka kama pamepigwa pasi, hilo tayari ni wingu la radi lililokomaa, na ule upepo wa baridi wa ghafla unaokuja na vumbi na kufungua mageti ni hewa iliyopoa ndani ya mvua inayomwagika kutoka humo, maana yake umebakiwa na dakika, sio saa.

Upande wa ziwa ratiba inageuka. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unashuka kutoka milimani kwenda Ziwa Nyasa, mawingu yanajijenga juu ya maji, kwahiyo Matema na Kyela wanaweza kupigwa ngurumo usiku wa manane hadi alfajiri wakati Mbeya mjini wanaangalia nyota. Wenye mitumbwi wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Mchana ndo hewa yenye unyevu wa ziwa inapandishwa kwenye miteremko ya Rungwe, na ndo maana Tukuyu inanyesha vile inavyonyesha, wakati Isimani iliyoko mkoa huohuo mmoja na Mufindi ya chai wanaomba maji kwa sababu milima ya Udzungwa imeshakamua unyevu kabla haujawafikia.

Radi sasa. Mwanga unakufikia hapo hapo, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo kilomita moja inachukua karibu sekunde tatu. Ukiona umemulika anza kuhesabu taratibu, mia na moja, mia na mbili, hadi usikie ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Ukihesabu haijafika 30 kabla ya mngurumo ingia ndani, maana iko ndani ya kilomita 10 na radi inaweza kuruka umbali huo hata kwako hakujaanza kunyesha. Ikishapita usitoke mbio kwenda kumalizia mechi, kaa ndani dakika 30 toka ngurumo ya mwisho. Watu wengi wanapigwa mwanzoni kabisa mvua haijachanganya au mwishoni wakidhani imeisha.

Ndani ni wapi? Nyumba ya kweli yenye kuta na paa, au gari lenye bodi ya chuma lililofungwa vioo. Noah sawa, Coaster sawa. Bajaji hapana, bodaboda hapana, banda la kuuzia nyanya hapana, na chini ya mlingoti (mkaratusi) hapana kabisa, mti mrefu uliosimama peke yake ndo unaoitwa kwanza. Kuna watakaokwambia radi ya siku fulani ilitumwa, mimi sibishani nao, ila hata hiyo ya kutumwa nimeona inapenda sana kitu kirefu kilichosimama peke yake. Nyumbani chomoa tivii na waya wa dishi kabla haijafika karibu, sio inapiga juu ya bati ndo unashika waya. Simu usiongelee ikiwa kwenye chaji. Walimu wenye viwanja vilivyo wazi, filimbi ipigwe mapema, watoto 30 uwanjani ni watoto 30 warefu kuliko nyasi.

Na wanaokwenda Kitulo kuangalia maua, hili linawahusu zaidi maana maua yanachanua msimu huuhuu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kule juu ni majani matupu, hakuna mti, hakuna nyumba, wewe ndo unakuwa kitu kirefu. Anza kutembea alfajiri, saa sita mchana uwe umeshashuka au uko karibu na gari. Mlima Rungwe nao hivyohivyo.

Mtu akipigwa na radi mwili wake haubaki na umeme, mshike. Wapo waliokufa kwa sababu watu walisimama pembeni wanaogopa kumgusa. Kama hapumui weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine apige 112, msiache mpaka msaada ufike.

Mvua ya mawe ni ndugu wa huyohuyo wingu. Huku kwetu tunaipata kuliko Dar kwa sababu rahisi tu: barafu inatengenezwa juu sana ndani ya wingu, na hewa ya ukanda wetu inafika nyuzi sifuri kwenye kimo cha karibu mita 4,800 hivi. Punje ikidondokea Dar ina zaidi ya kilomita nne za kupita kwenye hewa ya joto, inafika ikiwa tone. Ikidondokea Njombe au Makete ina kilomita mbili na kitu, inafika ikiwa bado jiwe na inalala kwenye parachichi zako. Mwenye kitalu atandaze neti mapema, mwenye gari asiliache wazi, na mwenye nyanya au viazi vilivyopigwa akague siku ya pili, akate yaliyochanika, apige dawa ya ukungu maana yale majeraha ndo mlango wa magonjwa. Parachichi zilizokwaruzwa kidogo zinapona lakini kovu linabaki, na mnunuzi wa kupeleka nje hataki kovu, kwahiyo tafuta soko la ndani mapema usisubiri ukataliwe getini.

Hapohapo nimalize la theluji maana kila mwaka kuna picha inazunguka wasap, "theluji yaanguka Makete." Rungwe ina mita 2,960, Mtorwi nao 2,961, bado mita kama 1,800 kufikia hiyo sifuri, theluji ya kudumu nchini iko Kilimanjaro kwenye mita 5,895 na kwingine tusidanganyane. Ukiletewa picha angalia mwezi. Kama ni Novemba hadi Aprili na watu wamesimama kwenye matope, mbingu nyeusi, hiyo ni mvua ya mawe imerundikana, kuza picha utaona punje. Kama ni Juni hadi Agosti, alfajiri, anga jeupe halina wingu na weupe umekaa kwenye majani tu, njia iko wazi, hiyo ni sakitu, umande ulioganda.

Na sakitu unaweza kuitabiri mwenyewe kuliko mvua. Jioni ya kipupwe angalia vitu vitatu: anga halina wingu, upepo umekufa kabisa, na joto la chini la Mbeya kwenye utabiri. Tuseme wamesema Mbeya 8, wewe uko mita 1,000 juu zaidi, unabaki na kama 2. Hiyo 2 imepimwa kwenye kisanduku kilichoinuliwa mita moja na zaidi kutoka ardhini, majani ya viazi chini yanapoteza joto kwenda angani na yanaweza kuwa nyuzi kadhaa chini ya hapo, kwahiyo hata wakisema 3 au 4 usilale fofofo. Ila kumbuka usiku mtulivu hesabu ya kimo inavurugika, hewa baridi ni nzito inatiririka mabondeni, shamba la bondeni linaungua na la kilimani juu yake linapona. Ndo maana wazee walipanda viazi vya kiangazi ubavuni. Funika miche ya parachichi na nyasi kabla jua halijazama, na mwagilia ardhi mchana, udongo wenye maji unashika joto. Kukiwa na wingu au upepo usiku kucha, lala.

Kwa wa mahindi nitasema kwa ufupi, mvua moja ya kishindo ya Oktoba sio msimu. Mvua zetu zinakuja ukanda mvua, ule mkanda wa mawingu ya mvua wa maeneo ya ikweta, unaposhuka kusini, na mara nyingi kuna radi za kwanza halafu jua la wiki mbili linalokaanga mbegu ardhini. Chimba kwa mkono, unyevu ukiwa umeshuka zaidi ya kiganja na utabiri wa siku 10 bado unaonyesha mvua, panda. Utabiri wa msimu ukisema "wastani hadi juu ya wastani" ni wa jumla ya msimu mzima, hauahidi chochote kuhusu Novemba. Wa viazi, dawa ya kuzuia ukungu pigeni asubuhi umande ukishakauka, saa tatu saa nne, ipate muda wa kukauka kwenye jani kabla ya mvua ya alasiri.

Barabarani someni utabiri hivyohivyo kwa kimo na saa. Ukungu wa Isyonje na wa Mufindi ni wa asubuhi na jioni, mchana unainuka. Kitonga na Mlima Nyoka ukitaka kuvipita pakavu pita kabla ya saa saba, mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndo mbaya zaidi maana inachanganya vumbi na oili lami inakuwa sabuni, teremka na gia ile ile ambayo ungepandia.

Na madereva wa Tunduma mnaoshuka mpaka Sauzi, huko ndo mkutane na theluji ya kweli, na sio katikati ya baridi yao tu. Septemba kwao majira yanageuka, joto linarudi, ngurumo zinaanza, halafu baridi moja ya mwisho kutoka baharini kusini inapanda na kukuta unyevu. Septemba 2024 theluji iliifunga N3, barabara kuu ya Johannesburg kwenda Durban, pale Van Reenen's Pass inapokatiza milima, watu wakalala kwenye magari. Kwahiyo Agosti hadi Oktoba ukiwa bado Zimbabwe anza kusoma utabiri wa milima ya Drakensberg, ukiona wameandika theluji juu ya mita 1,600 ujue njia hiyo ya Van Reenen imo humohumo. Jaza tenki kabla ya mji wa Harrismith, weka blanketi, maji na chakula cha siku mbili kwenye kebini, na mpigie aliye mbele yako kabla hujaanza kupanda.